Malkia Aliyezaliwa na Makosa ya Kusoma: Safari za Augustus na Alice Le Plongeon katika Magofu ya Wamaya

Si kawaida jarida la idara ya Kiswahili kumpeleka msomaji wake hadi Meksiko. Tunafanya hivyo katika makala haya kwa sababu ya swali ambalo wanafunzi wetu hulileta darasani kila mwaka, hasa wale wanaoanza somo la historia ya lugha: je, maneno mawili yanayofanana katika lugha mbili yanatosha kuthibitisha kwamba watu wa lugha hizo ni ndugu? Tumejaribu kulijibu kwa nadharia za isimu linganishi, nao wanatikisa vichwa kwa adabu, kisha wiki inayofuata wanarudi na orodha mpya ya maneno. Tumeona heri tuwape kisa cha mume na mke waliotumia zaidi ya miaka kumi porini, wakafanya kazi ya mikono ya kupigiwa mfano, kisha wakaiangusha kazi yao wenyewe kwa kupenda mno mifanano ya maneno.

Augustus Le Plongeon alizaliwa katika kisiwa cha Jersey. Kabla ya kufikia umri wa miaka hamsini alikuwa amekwisha kupima ardhi huko California na kuwa mpiga picha nchini Peru, ambako ndiko alikovutiwa na magofu ya kale. Alice Dixon alizaliwa London mwaka 1851, binti wa mpiga picha aitwaye Henry Dixon, kwa hiyo alikulia miongoni mwa kamera na chupa za dawa. Walikutana London, wakaoana, na mwaka 1873 wakatia nanga katika rasi ya Yucatán, kusini mashariki mwa Meksiko. Alice alikuwa na miaka 21. Hawakuwa wamekaa sana Mérida, mji mkuu wa eneo hilo, kabla Alice hajashikwa na homa ya manjano, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza wageni wengi. Mumewe alimuuguza mpaka akapona. Hawakurudi Ulaya. Walianza kujifunza Kimaya cha Yucatán.

Jambo hilo la mwisho lisipitwe haraka. Wageni wengi waliotembelea magofu yale katika karne ya 19 walitosheka na Kihispania na mkalimani. Wawili hawa waliona kwamba huwezi kuuelewa mji wa watu bila kuijua lugha ya wajukuu wao. Tunakubaliana nao kabisa. Kilichowaponza ni matumizi waliyoifanyia lugha hiyo baadaye.

Nchi yenyewe ni ya ajabu. Kaskazini mwa Yucatán ni tambarare la mawe ya chokaa, na mtu anaweza kusafiri siku nyingi asione mto hata mmoja juu ya ardhi. Mvua ikinyesha maji huzama ndani ya mawe na kwenda zake chini kwa chini. Mahali ambapo paa la pango limeporomoka hutokea shimo kubwa la duara lenye kuta zilizosimama wima na maji ya kijani kibichi chini yake. Wenyeji huliita shimo hilo ts'onot, na Wahispania waliposhindwa kulitamka wakaligeuza kuwa cenote. Miji ilijengwa palipokuwa na maji. Jina Chichen Itza lenyewe husemwa kuwa na maana ya mdomo wa kisima cha Waitza, na kweli mji huo una senote maarufu ambayo upana wake unakaribia mita 60, walimotupa vito, sanamu na hata binadamu kama sadaka. Siku hizi tunajua jambo ambalo akina Le Plongeon wasingeweza kulikisia: senote nyingi za kaskazini magharibi mwa rasi hiyo zimejipanga kwa umbo la nusu duara, na mstari huo unafuata ukingo wa shimo lililochimbwa na kimondo kilichoanguka yapata miaka milioni 66 iliyopita. Shimo hilo, liitwalo Chicxulub, lina upana wa kilomita zipatazo 180, na wanasayansi wengi wanakihusisha kimondo hicho na kutoweka kwa dinosaria. Wamaya walikuwa wakiteka maji katika kovu la janga hilo.

Kusini kidogo, katika vilima vya Puuc, hata senote ni adimu. Huko ndiko uliko mji wa Uxmal, na watu wake waliishi kwa kuchimba matangi ya chini ya ardhi na kukinga mvua. Ndiyo maana nyuso za Chaac, mungu wa mvua mwenye pua ndefu iliyopinda, zimerudiwa tena na tena katika kuta za majumba yake. Jumba la Gavana lililoko Uxmal lina urefu unaokaribia mita 100, na sehemu yake ya juu imepambwa kwa maelfu ya vipande vya mawe vilivyochongwa kimoja kimoja kisha vikaunganishwa kama jamvi. Akina Le Plongeon walipiga kambi ndani ya jumba hilo, pamoja na popo.

Walichokifanya humo kilihitaji uvumilivu mkubwa. Upigaji picha wa wakati huo ulitumia bamba la kioo. Bamba lilipakwa dawa gizani, likawekwa kwenye kamera likiwa bado bichi, likapigwa mwanga, kisha likasafishwa kabla dawa haijakauka. Yote haya yalipaswa kukamilika katika dakika chache, na katika joto la Yucatán dakika zenyewe zilikuwa chache zaidi. Vyumba vya mawe vya Wamaya wa kale viligeuzwa vyumba vya giza. Augustus alipanda ngazi za miti na kamera yake, Alice akaandaa na kusafisha mabamba, na mara nyingi wakabadilishana kazi. Walipiga majumba kipande kwa kipande, picha ikipakana na picha, ili ukuta mzima uweze kuunganishwa mezani. Walichora ramani na kunakili michoro ya rangi iliyokuwa ikififia. Tunasema bila kusita kwamba katika zama zao ni wachache walioyaweka magofu hayo kwenye kumbukumbu kwa uangalifu kama wao.

Tena walifanya hivyo katikati ya vita. Tangu mwaka 1847 Wamaya wa mashariki mwa rasi walikuwa wameasi dhidi ya wenye mashamba na serikali, vita ambavyo vilidumu kwa namna mbalimbali hadi mwaka 1901. Mwaka 1875, walipofika Chichen Itza, eneo hilo lilikuwa mpakani mwa hatari. Kijiji jirani cha Pisté kilikuwa kimeteketezwa na vita. Walilindwa na askari, na Alice alilala bunduki ikiwa karibu.

Hapo Chichen Itza ndipo kisa chetu kinapoanza kuingia shubiri. Juu ya uwanja wa mpira kuna hekalu dogo ambalo kuta zake za ndani zilikuwa na michoro ya vita, vijiji na watu. Augustus aliitazama, akaitazama tena, akaanza kuona hadithi. Kasuku mkubwa aliyechorwa mahali fulani alikuwa kwake jina la mtu, kwa kuwa kasuku huyo kwa Kimaya huitwa moo. Basi palikuwa na malkia aitwaye Moo. Puma, yaani coh, akawa mume wake, mwanamfalme Coh. Kobe, aak, akawa ndugu yao mwovu Aac, ambaye alimuua Coh kwa wivu na kutaka kumwoa mjane. Moo alikataa. Vita vikazuka, naye akashindwa na kukimbia kuelekea mashariki, ng'ambo ya bahari, hadi Misri, ambako Wamisri walimpokea na kumtukuza kwa jina la Isis. Sanamu ile kubwa ya Giza yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, Augustus aliamini, ilichongwa kwa kumbukumbu ya Coh. Kwa maneno mengine, Misri ilikuwa mtoto wa Yucatán.

Msomaji atacheka. Lakini tusicheke kabla ya kusikia yaliyofuata. Kwa kufuata alichodhani kuwa ni maandishi yanayoonyesha kaburi la Coh, Augustus alichagua kilima fulani cha mawe pale Chichen Itza, akaamuru kichimbwe. Wachimbaji walishuka mita kadhaa. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1875 wakakuta sanamu kubwa ya mawe ya mtu aliyelala chali akijiinua kwa viwiko, magoti yamekunjwa, uso umegeuzwa pembeni, na mikono imeshika sahani juu ya tumbo. Waliitoa kwa nguzo za miti na kamba zilizosokotwa kwa magome. Augustus aliiita Chaacmol, jina alilolitunga yeye mwenyewe kwa maneno ya Kimaya. Mhariri mmoja wa Marekani akalibadilisha kidogo kuwa Chac-Mool, na mpaka leo sanamu zote za namna hiyo, hata zile za Tula zilizo mbali sana na Yucatán, huitwa kwa jina hilo. Wale waliozichonga waliziitaje, hakuna ajuaye.

Basi fikiria: umesoma maandishi vibaya, umechimba mahali ambapo usomaji wako mbaya ulikuelekeza, na ukakuta hazina. Nani atakushawishi baada ya hapo kwamba hujui kusoma? Sisi tunaona kwamba siku ile ya ushindi ndiyo iliyomharibia Augustus maisha yake yote ya kitaaluma. Angekuta udongo mtupu labda angejiuliza upya.

Sanamu yenyewe haikubaki mikononi mwao. Walinuia kuipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, lakini sheria ya Meksiko ilikataza vitu vya kale kutoka nje ya nchi, na ombi lao kwa Rais Lerdo de Tejada halikufua dafu. Waliificha porini. Mwaka 1877 wakuu wa jimbo waliitwaa, wakaiingiza Mérida kwa shangwe, kisha ikapelekwa Jiji la Meksiko, ambako ipo hadi leo katika makumbusho ya taifa. Augustus aliona ameibiwa. Wasomaji wetu, wakikumbuka vitu vya Afrika vilivyopakiwa melini miaka hiyohiyo, pengine watakuwa na maoni mengine. Sisi tunayo.

Sasa tugeukie suala la kusoma, maana hapa ndipo mwalimu wa lugha ana la kujifunza zaidi kuliko mwanahistoria.

Wamaya walikuwa na vitabu vya magome ya miti. Mwezi Julai mwaka 1562, katika mji wa Maní, padre Diego de Landa alivichoma moto akidai vina mambo ya shetani. Vilivyosalia duniani na kujulikana leo ni vinne tu. Miaka michache baadaye Landa huyohuyo, ambaye maisha yake ni fumbo, aliandika kitabu juu ya mila za Wamaya, na ndani yake akaweka alichokiita alfabeti yao. Kitabu kilipotea mpaka padre Mfaransa, Brasseur de Bourbourg, alipokikuta Madrid na kukichapisha mwaka 1864. Brasseur alifurahi kama aliyeokota ufunguo. Akachukua alfabeti hiyo na kutafsiri nayo kitabu kimoja cha Kimaya, akaona humo habari za nchi iitwayo Mu iliyozama baharini. Augustus aliipokea Mu kwa mikono miwili. Ufunguo ulikuwa wa kweli, lakini wa kufuli nyingine.

Kwa nini? Turudi kwa Landa. Alikaa na wazee wasomi wa Kimaya na kuwataka wamwandikie herufi A, B, C. Lakini maandishi ya Kimaya hayakuwa na herufi. Yalikuwa na alama za maneno mazima na alama za silabi. Landa alipotaja herufi B kwa jina lake la Kihispania, yaani be, mzee alisikia silabi be. Katika Kimaya be ni njia, naye akachora unyayo. Landa alipotaka neno le, yaani kitanzi, alilitaja herufi moja moja kama mwalimu wa Kihispania: ele, e, kisha le. Mzee akaandika yote aliyoyasikia: e, le, e, le. Mwishowe alipoambiwa aandike sentensi yoyote apendayo, aliandika alama tano zinazosomeka ma i n ka ti. Kwa Kimaya maana yake ni "sitaki". Landa aliinakili kwa uaminifu bila kucheka. Hatujui jibu la mwanafunzi lililo wazi zaidi ya hilo katika historia yote ya ufundishaji lugha.

Walimu wa Kiswahili tusingehangaika. Mtoto wetu hafundishwi b peke yake. Huimba ba, be, bi, bo, bu. Angekaa mwalimu wa darasa la kwanza wa Afrika Mashariki mahali pa Landa, pengine maandishi ya Kimaya yangesomwa karne tatu mapema. Huu ni utani, ingawa si utani wote.

Aliyetegua kitendawili alikuwa Yuri Knorozov wa Leningrad, mwaka 1952. Aliiona alfabeti ya Landa kuwa orodha ya silabi, akaijaribu katika vitabu vilivyosalia. Juu ya picha ya bata mzinga palikuwa na alama mbili. Ya kwanza Landa aliitaja kuwa cu. Bata mzinga kwa Kimaya ni cutz, basi ya pili lazima iwe tzu, na irabu ya mwisho haitamkwi. Juu ya picha ya mbwa palikuwa na alama hiyohiyo ya tzu, ikifuatiwa na lu. Mbwa ni tzul. Tofauti kati ya Knorozov na Le Plongeon imo katika hatua hii ndogo: Knorozov aliilazimisha alama moja isomeke vilevile katika maneno mawili tofauti. Kama ingekataa mahali pamoja, nadharia nzima ingeanguka. Wakubwa wa taaluma, hasa Eric Thompson wa Uingereza, walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff akaonyesha, kwa kupanga tarehe tu, kwamba mawe ya Piedras Negras yanaeleza kuzaliwa, kutawazwa na kufa kwa watawala. Polepole wafalme wa kweli wakaanza kutoka mawe yakisomwa. Jumba la Gavana la Uxmal, ambalo Augustus alimpa Aac, sasa wataalamu wengi wanalihusisha na mtawala wa karibu mwaka 900 ambaye jina lake limeandikwa pale mjini kwenyewe.

Augustus hakuwa na kipimo cha kumzuia. Alitangaza kwamba maneno ya Yesu msalabani, Eli, Eli, lama sabakthani, yalikuwa Kimaya, na maana yake ni mtu anayezimia giza likimfunika uso. Alidai kwamba majina ya herufi za Kigiriki, kuanzia alfa hadi omega, ukiyasoma kwa Kimaya ni utenzi wa kuzama kwa Mu. Ndugu mwanafunzi, njia hii haishindwi na kitu. Kimaya cha Yucatán huita moto k'áak', nasi tunasema kaa la moto. Tukitaka tunaweza kuandika leo kwamba wahunzi wa Yucatán walitua Mombasa. Sauti za binadamu ni chache na maneno ni maelfu, kwa hiyo lazima mengine yagongane. Ndiyo maana isimu linganishi haihesabu maneno yanayofanana. Inatafuta kanuni ya sauti inayojirudia katika maneno mengi, kama vile tunavyoonyesha wanafunzi wetu kati ya Kiswahili na lugha zao za nyumbani.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaotuhusu Waafrika. Mwaka 1891 wenzi wengine Waingereza, Theodore na Mabel Bent, walikwenda kuchimba Great Zimbabwe, na hapo pia mke ndiye aliyepiga picha. Theodore aliandika kwamba waliojenga walitoka kaskazini, upande wa Arabuni. Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walithibitisha kwamba walikuwa Waafrika. Augustus Le Plongeon angalau hakuwanyang'anya Wamaya kazi yao. Aliwapa na ya Wamisri juu yake. Lakini mazoea ni yaleyale ya kuyaona mawe makubwa kama jambo linalohitaji msafiri wa kutoka mbali ili lieleweke. Na Wamaya waliokuwa wakishika kamba za kamera, waliokuwa wakisema lugha ileile iliyochongwa ukutani kwa umbo la kale zaidi, walibaki vibarua katika hadithi zake.

Wenzi hao walirejea New York katikati ya miaka ya 1880. Kitabu cha Augustus cha mwaka 1896 juu ya Malkia Moo kilidhihakiwa na wasomi. Alice aliendelea kuhadhiri na kuandika; kitabu chake cha mwaka 1886 juu ya Yucatán, chenye habari za sherehe, visiwa, maradhi na vyakula, kinasomeka vizuri hata sasa kwa sababu humo anaeleza alichokiona. Augustus alifariki mwaka 1908, Alice mwaka 1910. Shajara yake ilichapishwa mwaka 2009.

Chichen Itza iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1988, na Uxmal mwaka 1996. Michoro ya lile hekalu la kasuku, puma na kobe imefifia sana ukutani. Mtaalamu anayetaka kujua ilivyokuwa hana budi kutazama nakala za waliowahi, zikiwemo zile za Alice na Augustus, zilizohifadhiwa pamoja na picha zao katika taasisi ya Getty huko Los Angeles. Kimaya cha Yucatán bado kina wasemaji zaidi ya laki saba, na wako vijana miongoni mwao ambao sasa wanajifunza kuandika majina yao kwa alama za silabi, ma, ka, ti, kwa mkono wao wenyewe.